Mtu Aliyefunua Masufuria ya Watu

Habari za kifo chake zilinikuta nimeshika kijiko cha sukari. Ilikuwa asubuhi, mke wangu ametoka kwenda sokoni, nami nimeshajihakikishia kwamba hakuna anayeniona. Simu ikalia. Alikuwa jirani yake wa kule Kambarage, kijana asiyejua kuzungusha maneno, akasema, "Shikamoo mzee. Yule rafiki yako wa hospitali ametutoka alfajiri hii. Presha." Nikakirudisha kijiko kwenye kopo. Ningependa kusema nilikirudisha kwa kumheshimu marehemu, lakini ukweli ni kwamba sukari ilikuwa inamwagika mezani na mke wangu angeiona. Tangu siku hiyo nimeandika safu mbili hapa, moja ya mvua na nyingine ya bei ya pamba, na zote mbili niliziandika ili nisiandike hii. Leo nimeishiwa visingizio.

Marehemu alikuwa afisa lishe katika hospitali moja hapa Shinyanga. Wengi wenu hamjui kazi hiyo ni ipi, na siwalaumu, maana hata wagonjwa waliopelekwa kwake walidhani wamepelekwa jikoni. Kazi yake ilikuwa kukaa na mtu anayeumwa, kujua anakula nini hasa, kisha kumwonyesha njia ya kula itakayomsaidia kuishi. Lakini alikuwa na kazi ya pili iliyomla zaidi. Kila mwaka vyuo vilimletea wanafunzi wa lishe waje kujifunza kwa vitendo, kile ambacho wao wenyewe wanakiita fildi. Aliwatazama wakihudumia wagonjwa, akawapa alama kwenye fomu ya tathmini, akatia saini kwenye kitabu chao. Baadaye alikuja mwalimu kutoka chuoni kuhakiki. Bila saini hizo mbili hakuna cheti. Msibani nilimsikia bwana mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mtaalamu wa lishe amekufa kwa presha, je, sisi tunaokula nyama choma tutapona? Wakacheka. Nilitaka kuwaambia kwamba hata fundi seremala huzikwa kwenye jeneza alilochonga mwingine, lakini nikanyamaza, kwa sababu nami nimewahi kumcheka mtu huyu, tena hadharani.

Tulifahamiana kwa njia ya aibu. Mimi ni mgonjwa wa kisukari, jambo ambalo mke wangu analijua na mimi nalisahau. Siku moja kliniki tulikuwa tumejipanga kwenye benchi, wazee watupu, akaja muuguzi akatutangazia kwamba leo kuna mwanafunzi anafanyiwa mtihani, anahitaji mgonjwa mmoja mwenye subira. Wenzangu wakanisukuma mbele. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniinamia akaniambia, "Mjibu vizuri, baba. Msaidie mtoto wa watu apate cheti chake." Basi nikaenda nikiwa na nia njema kabisa. Binti aliyenihoji alikuwa na sauti inayopotea, na kila alichouliza nilimjibu kama vile nimekariri bango lililobandikwa nyuma yake. Soda? Niliacha siku nyingi. Chai? Ya rangi, bila sukari. Ugali? Wa dona, wa kipimo. Matunda? Kila siku, mwanangu. Aliponiuliza kama nimeelewa ushauri wake, nikamrudishia wote, neno kwa neno. Yule binti akatoka anang'aa. Mtu mfupi aliyekuwa amekaa kwenye kona na fomu yake aliweka tiki zake.

Dakika kumi baadaye nilikuwa nje ya geti la hospitali, nimesimama kwenye kibanda, chapati mbili mkononi na soda ya chungwa imeshafika nusu. Nikasikia sauti nyuma yangu. "Mzee mwenzangu, hiyo ni chai ya rangi?" Alikuwa yeye, yule wa kwenye kona, na ile fomu bado ameishika. Nilijaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Nimempa yule binti alama zote, kwa sababu fomu hii inaniuliza kama ameuliza, na ameuliza. Inaniuliza kama mgonjwa ameelewa, na wewe umesema umeelewa. Sasa yule ataenda mahali ambako mimi sipo, ataamini kila mtu atakayemwambia anakula matunda. Wewe ndiye umemfundisha hivyo leo. Mimi sikumfundisha." Nikasema nilikuwa namsaidia. Akasema, "Najua. Wote mnawasaidia." Akaninunulia maji ya chupa, akasimama pale mpaka nilipoyamaliza. Nilimchukia kwa wiki nzima, kisha nikaanza kumtafuta kila siku ya kliniki.

Nilipomzoea ndipo nilipojua kuhusu masufuria. Alikuwa na njia yake ya kuwapima wanafunzi, isiyoandikwa kwenye fomu yoyote. Aliwachukua asubuhi, kabla vyombo havijaoshwa, akaenda nao nyumbani kwa mgonjwa waliyemhudumia, na baada ya salamu akaomba ruhusa ya kuona masufuria ya jana. Alisoma ukoko. Alijua ukoko wa ugali wa mahindi yaliyokobolewa na wa dona, alijua kama uji ulipikwa na maziwa au na maji matupu, na alijua sufuria la mboga lililopikiwa mlenda siku tatu mfululizo. "Mtu akiulizwa alikula nini, anakupa heshima," aliwaambia wanafunzi. "Sufuria halina adabu. Linasema tu." Kisha aliwauliza mmoja mmoja: wewe umeona nini? Aliyeona alipata alama zake moyoni mwa marehemu, kwa kuwa kwenye karatasi hakukuwa na mahali pa kuziweka.

Ninyi mnaotoka huku mnajua mwanaume mzima kufunua sufuria kwenye nyumba isiyo yake ni jambo la namna gani. Siku moja nilipofuatana naye, bibi mmoja, mama mkwe wa mgonjwa, alimkuta ameinama jikoni akapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "We mwanaume, unafunua sufuria la mkwe wangu, kwako hakuna?" Marehemu akasimama taratibu, akavua kofia, akamwita mama kwa Kisukuma, akajibu, "Kwangu nafunua pia, mayu. Ndiyo maana mke wangu amenichoka." Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na siku hiyo tulikunywa maziwa. Nikiwa na marafiki zangu nilimwiga, nikiinama na kunusa sufuria la hewani, tukacheka tukagongana mabega. Nakiri hapa kwamba nilikuwa naiga jambo ambalo sikulielewa.

Nililielewa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Mwaka ule chuo kilimwomba asimamie pia kundi lililopelekwa kufanya fildi upande wa Geita, kwa kuwa huko wasimamizi ni wachache. Nami nikaomba nifuatane naye, nikitafuta cha kuandika juu ya dhahabu. Tulishuka Katoro, mji ule ambao kila mtu anakimbia kana kwamba ameitwa, tukapanda bodaboda mpaka kwenye zahanati ya Rwamgasa ambako alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtoto wa wakulima wa Kishapu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kukuangalia kwanza kabla hajakujibu. Baba yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ana nafasi ya kusomesha mara moja tu, na nyuma yake kuna wadogo wanne wanasubiri. Hii nawaambia mapema ili mjue alichokuwa amekishika mkononi siku ile.

Mgonjwa wake wa mtihani alikuwa mtoto mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, ambaye utepe wa kupimia mkono ulikuwa umesimama kwenye njano, karibu kabisa na nyekundu ya utapiamlo mkali. Baba yake alikuwa mchimbaji, anashinda kwenye duara, yale mashimo yao, na siku nyingine haonekani nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na turubai, nyuma ya karasha linalosaga mawe kutwa nzima hata mazungumzo yanakuwa ya kupiga kelele. Tulifika asubuhi, marehemu, binti na mimi. Binti akamsalimia bibi wa nyumba kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamuuliza mama wa mtoto: jana huyu alikula nini? Mama yule akavuta pumzi akakariri. Asubuhi uji wa lishe wenye karanga na maziwa. Saa nne tunda. Mchana ugali, mboga za majani na dagaa. Jioni yai. Aliyasema kwa mpangilio uleule wa bango la zahanati, na alipofika kwenye yai akamtazama binti kuona kama amepata.

Binti hakuandika. Akainuka, akaomba kuona masufuria. Kulikuwa na mawili. Moja lilikuwa na ukoko wa ugali mweupe uliolowekwa, na jingine lilikuwa na michembe, vile viazi vikavu vyetu, imebaki konzi mbili tatu. Bibi akaileta ile michembe kwenye bakuli la plastiki, akaita watoto. Wakaja watano, wakazunguka, mikono ikaingia. Yule mdogo alikuwa amekaa upande wa pili, na kila alipofikisha mkono kati, kati palikuwa pameshakuwa patupu. Alikuwa halii. Alikuwa anaulamba mkono wake ulioingia na kutoka bila kitu. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya vikao nikisikiliza watu wakieleza kwa nini watoto wa mkoa wenye dhahabu wanadumaa, na sijawahi kusikia maelezo marefu kama yale yaliyotolewa na bakuli lile kwa dakika mbili.

Binti akamwambia bibi, kwa upole, kwamba mtoto huyu angepakuliwa peke yake. Bibi akakunja uso. "Umtengee sahani? Unataka ajifunze uchoyo akiwa bado mdogo hivyo? Sisi hatuli hivyo." Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipoona mtu akifanya kazi yake. Binti hakubishana wala hakumsomea bango. Aliuliza, "Na wewe bibi unakula na nani?" Bibi akasema anakula peke yake, meno hayapo, anakula polepole. "Basi awe anakula na wewe," binti akasema. "Wewe na yeye mnalingana mwendo." Bibi akaangalia mtoto, akaangalia mikono yake mwenyewe, akacheka bila kutaka. "Haya. Aje kwangu. Wabeja ng'wanangu," akamshukuru. Marehemu alikuwa amegeukia kwenye karasha, anafuta miwani yake, ingawa kilichohitaji kufutwa ni macho.

Sasa fomu. Kwenye fomu kuna jedwali: chakula, kiasi kwa vikombe au gramu, nguvu iliyopatikana mwilini. Kwenye kisanduku cha kiasi binti aliandika: "Sikuweza kujua. Watoto watano wanakula bakuli moja, huyu ni mdogo na mkono wake hauwahi." Chini, penye hesabu ya nguvu, akaacha wazi. Kwenye ushauri akaandika: "Ale na bibi yake." Marehemu akaisoma, akampa alama za juu kuliko alizowahi kumpa mtu yeyote, akatia saini. Wiki moja baadaye, kabla mwalimu wa chuo hajafika, binti alirudi mwenyewe kwenye ile nyumba na utepe wake. Rangi ilikuwa bado ya njano, ila ilikuwa imeiacha nyekundu nyuma kidogo. Alimpigia mzee simu kumwambia, na mzee naye akanipigia mimi, kama vile amezaliwa mjukuu.

Mwalimu wa chuo alipita siku mbili baada ya hapo. Sina ugomvi naye. Alikuwa kijana mwenye heshima, ana vituo vingi vya kupita kwa siku chache, na gari lilikuwa linamsubiri nje likiwa limewashwa. Marehemu alikuwa amerudi kule kwa ajili hiyo, nami nikiwa mkia wake. Kijana akapekua kitabu, akafika kwenye jedwali, akasimama. "Shikamoo mzee wangu. Hapa pako wazi." Marehemu akamweleza habari yote, bakuli, mkono, bibi, utepe. Kijana alisikiliza kweli, sikumwona akiangalia saa. Halafu akasema, "Mzee, nimekuelewa kabisa. Ila kule chuoni hawatasoma maelezo, watasoma jumla. Jedwali likiwa wazi, sehemu yote ni sifuri, na sehemu hii ndiyo yenye alama nyingi. Mwambie aandike robo kikombe, apige hesabu, yaishe. Namsubiri hapa hapa." Akampa binti kalamu yake mwenyewe. Ulikuwa ni wema, naomba mlielewe hilo.

Binti akaishika kalamu. Hakumwangalia yule kijana, alimwangalia marehemu. "Dokta," akasema, "nikiandika robo kikombe, nitakuwa nimekiona wapi?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona mzee akiitazama ile kalamu. Angeweza kusema andika mwanangu, tutaongea baadaye. Neno moja tu. Akasema, "Andika ulichokiona." Binti akarudisha kalamu. Kijana akatikisa kichwa, akatia saini yake penye alama ndogo, akatuaga kwa heshima, gari likaondoka. Matokeo yalipotoka binti alikuwa ameanguka fildi, na aliyeanguka fildi hurudia mwaka. Baba yake wa Kishapu hakufoka. Alisema tu kwamba alishasema. Wadogo walikuwa wanasubiri zamu yao, na zamu ya binti ilikuwa imekwisha.

Marehemu aliandika barua chuoni. Aliandika ya pili, akaniletea niinyooshe Kiswahili, akipendekeza kiongezwe kipengele kimoja tu kwenye fomu: mwanafunzi arudi kwa mgonjwa wake baada ya wiki mbili, aseme ameona nini. Alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Miezi michache baadaye alikwenda tena Rwamgasa, akapita kwenye ile nyumba kumwona mtoto. Turubai halikuwepo. Jirani alimwambia mawe yenye dhahabu yametoka sehemu nyingine, watu wote wa upande ule wamehama kufuata, na bibi alirudishwa kijijini kwao kwa sababu safari ingemchosha. Mtoto alikuwa ameondoka na mama yake na wale ndugu zake wanne, na bakuli lao. Huko walikokwenda hakuna aliyejua jina lake. Mpaka leo sijui mtoto yule yuko hai au hayuko, na marehemu amekufa bila kujua.

Mimi nimeishi mkoani hapa miaka mingi kiasi cha kuona mambo mengi yakijazwa. Nimeona mwalimu akijaza mahudhurio ya watoto walio machungani na ng'ombe. Nimeona barabara iliyokamilika kwenye taarifa, nikapita juu yake kwa miguu nikiwa nimebeba viatu mkononi. Mimi mwenyewe huwa naambiwa niandike maneno elfu moja, nikiwa na mawazo ya maneno mia nne, na nimejaza. Hatuwadanganyi wakubwa wetu kwa ubaya. Mtu analeta karatasi, ana haraka, ana watoto, nawe hutaki kuwa mkwamishaji. Wahenga walituambia njia ya mwongo ni fupi. Sijui walikuwa wakiishi wapi. Huku kwetu njia ya mwongo inafika mpaka wizarani, ina mitaro pande zote mbili, na anayeanguka shimoni ni yule aliyepita porini akiutafuta ukweli. Na kule Katoro dhahabu inapita kila siku, inapimwa kwenye mizani inayoona hata punje ya vumbi, wakati hatujawahi kupata namna ya kupima kilichoingia tumboni kwa mtoto wa mtu aliyeichimba.

Mara ya mwisho tulipokaa kwa utulivu ilikuwa kwake Kambarage, ameshastaafu, amevimba miguu. Mkewe alituletea uji, na nilipomtania kama ameukagua ukoko hakucheka. Akaniambia, "Kuna jambo sijakuambia. Baada ya yule binti, niliwafundisha kujaza." Nikadhani sikumsikia. "Niliwafundisha kujaza," akarudia. "Mwanafunzi akifika, siku ya kwanza kabisa namwambia: hapa usiache wazi. Hujaona, andika nusu kikombe. Mtoto mdogo, andika robo. Masufuria niliacha. Niliona nikiwafundisha kuona, nawafelisha watoto wa maskini, maana wa tajiri angerudia mwaka." Nikamuuliza wangapi wamepita mikononi mwake tangu hapo. "Wote wamefaulu," akasema. "Hakuna aliyeanguka hata mmoja. Chuo walinipa cheti cha shukrani." Kikaratasi chenyewe kilikuwa ukutani nyuma yake, kwenye fremu, na nilikuwa nimekitazama jioni nzima nikidhani ni cha ubatizo.

Ndiyo maana msiba wake ulikuwa mkubwa. Walikuja waliofaulu, maofisa sasa, kutoka wilaya nyingi, wamevaa vizuri, wengine na magari yenye maandishi ubavuni. Mmoja wao, ambaye siku hizi naye anasimamia wanafunzi, alisimama akasema marehemu alikuwa mlezi wa taaluma aliyewafundisha umakini katika kujaza taarifa. Watu wakapiga makofi msibani, jambo ambalo zamani lisingetokea. Nikaondoka kwenye viti, nikaenda nyuma kwenye majiko, na huko nikamkuta binti wa Kishapu. Sasa ni mama wa makamo kidogo, amejifunga khanga kiunoni, anapakua chakula na wanawake wa mtaa. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za siku nyingi?"

"Nzuri tu. Niko Katoro, nauza uji na maandazi pale stendi. Wachimbaji wanapenda uji wangu."

Nikamuuliza kama alipata kumwona mzee kabla hajafariki. Akasema hapana, ila mwaka ule wa matokeo mzee alimpigia simu akamwomba msamaha, akalia kwenye simu, mtu mzima. "Nikamwambia, Dokta, hujanikosea. Uliniambia niandike nilichokiona." Nikamuuliza swali ambalo sikuwa na haki ya kumuuliza: je, leo angejaza? Alikuwa anafuta mwiko. Akanitazama kwanza, kama ilivyo kawaida yake. "Kila siku nairudia ile asubuhi kichwani, mzee," akasema. "Siku nyingine najaza." Pembeni yetu watoto wa msibani walikuwa wamewekewa sinia moja la wali, wamelizunguka kama kumi. Alipita akamnyanyua mdogo kuliko wote bila hata kumtazama usoni, akamkalisha mbali kidogo, akampakulia wake kwenye mfuniko wa sufuria. Kule mbele mwanafunzi mwingine wa marehemu alikuwa ameanza hotuba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja huku nyuma.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki. Benchi ni lile lile, wazee tumepungua. Muuguzi akaja akasema kuna mwanafunzi anafanyiwa mtihani, na nikasimama kabla sijasukumwa, kwa sababu nilikuwa nimeapa juu ya kaburi la rafiki yangu kwamba nitasema kweli. Binti wa safari hii alikuwa na kitabu kilichofunikwa nailoni na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. "Babu, jana ulikula nini?" Nikamwambia kweli. Jana tulikuwa na kikao cha ukoo, tulikula ugali wa kukobolewa na nyama ya ng'ombe, wazee wanne sinia moja, na nilikunywa soda. Akaandika vizuri. "Kiasi gani babu?" Nikamwambia, "Sijui mwanangu. Tulikuwa wanne kwenye sinia moja." Kalamu ikasimama. Akaangalia kisanduku, akaangalia mlangoni ambako msimamizi wake alikuwa ameketi na fomu, akainama karibu na sikio langu. "Babu, naomba unisaidie. Nikiacha wazi hapa nafeli."

Mnaosoma safu hii mnataka somo mwishoni, na kwa miaka yote nimewapa. Hili la leo silipendi. Tulimwacha mtu mmoja mwenye macho asimame peke yake mbele ya karatasi, na tuliomwangusha ni sisi watu wema tunaowahurumia watoto wa wenzetu. Huruma yetu ndiyo inayowafaulisha, na hao wanaofaulu ndio watakaokwenda kuwauliza mama zetu watoto wamekula nini. Nayajua haya yote, niliyajua nikiwa nimekaa pale. Niliwaza Katoro, niliwaza sufuria la uji la stendi, niliwaza baba fulani aliyeko mahali fulani ambaye ameshasema ana nafasi moja tu. "Andika vikombe viwili," nikamwambia. Akaandika haraka, akapiga hesabu yake, akanishauri nipunguze soda. Kisha akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa, akaweka tiki.